Michikichi Saba Katika Fishi ya Kumi na Nne

“Na mimi nikija kwako kesho, utanionyesha mahali unapolala?”

Aliyeniuliza hivyo ni Mama Fabiola, mjane wa Kigwena, huku akimenya mihogo. Nilikuwa nimemaliza kumuuliza maswali arobaini na kitu kuhusu nyumba yake: vitanda vingapi, nani analala kwenye mkeka, choo kiko mbali kiasi gani, mara ya mwisho nyama ililiwa lini. Nilikuwa na shahada ya sosholojia kutoka Bujumbura, kalamu mbili na kofia ya mradi. Nikacheka. Akanitazama mpaka nikaacha kucheka.

Nyinyi mnaoanza sasa kazi ya kuandika ripoti za hali ya familia mnapita dukani kwangu hapa Rumonge kutoa fotokopi za fishi zenu, zile karatasi za kila familia, na kila mmoja ananiuliza kwa nini niliiacha. Nina miaka thelathini na tisa. Sina mvi, na magoti yangu bado yanapanda kilima. Mmoja wenu nilimwambia pikipiki zilinichosha. Mwingine nilimwambia mvua. Nilikuwa nawadanganya. Niliacha kwa sababu ya woga, na ni afadhali mjue woga wenyewe unafananaje, maana kwenye mafunzo hawaufundishi.

Kazi yenyewe mnaijua. Unaingia kwa mtu, unakaa mahali unapoonyeshwa, unaandika wanavyoishi. Ofisi ya huduma za jamii inaisoma fishi yako ili iamue nani apewe mabati na mtoto gani asaidiwe kurudi shule. Hiyo ni safari ya kwanza ya ile karatasi. Safari ya pili ni pale watafiti wa chuo wanapokuja kuomba rundo zima, majina yakiwa yamefutwa, wapate kuona kitu ambacho familia moja peke yake haiwezi kuonyesha. Mimi nilipenda hiyo safari ya pili. Niliona ndiyo inayofanya kazi yetu iwe na akili. Sikujiuliza kama kuna safari ya tatu.

Aliyenifundisha ni msimamizi wetu, Madamu Concessa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye alisahihisha fishi huku akitafuna karanga, hivyo kila ripoti yetu ilifika Bujumbura ikiwa na maganda. Fishi yangu ya kwanza kabisa aliishika kwa vidole viwili.

“Umeandika kiongozi wa familia iko bwana. Huyo bwana ulimuona?”

“Hapana, Madamu. Yuko ziwani.”

“Tangu lini?”

Nikaangalia daftari. “Tangu miaka sita.”

“Miaka sita mutu iko ziwani!” Akatema ganda. “Huyo si muvuvi tena, dada. Huyo iko samaki.”

Kumbe bwana alikuwa ng’ambo, upande wa Kongo, na mke mwingine na watoto wengine, na kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi mwenye shahada. Kwa aibu nikaanza ubishi. Nikamuuliza nani aliamua kwamba familia lazima iwe na kichwa, tena kichwa kimoja, na kwa nini fishi haina mahali pa kuandika kwamba kichwa kimehama. Tangu siku hiyo aliniita Madamu Kwa-nini, na ofisi nzima ikaniita hivyo.

Lakini alinifundisha mambo ambayo hayakuwa katika kitabu chochote nilichosoma. Usimuulize mtu anakula mara ngapi kwa siku. Atakujibu kwa aibu au kwa hesabu ya mabati. Tazama mafiga: yako mangapi yenye masizi mapya? Usiuandike umri wa mtoto kabla ya kuuliza kama alizaliwa kabla ya familia kurudi kutoka ukimbizini Tanzania au baada. Usitumie kalamu nyekundu, watu watafikiri unawapa alama. Na ukitaka kujua watoto ni wa nani, alisema, usiulize. Angalia nani anawapiga kofi bila kugeuka nyuma kutazama kama mama yao anaona.

Hilo la kofi ndilo lililonifikisha kwenye fishi ya kumi na nne, ya nyumba ya Mama Fabiola.

Lazima nieleze ardhi ya pale, kwa wale waliotoka mbali. Familia ya mume wa Mama Fabiola ilikimbilia Tanzania zamani, mumewe akiwa bado mtoto. Walipokuja kurudi, wakakuta kwao kuna watu wengine, ambao nao walikuwa wamekaa miaka na kuzika wazazi hapo hapo. Shamba likagawanywa katikati, na ukapandwa ua wa miti ya miyenzi kuwa mpaka. Baadaye waume wote wawili wakafa. Upande huu akabaki Mama Fabiola, upande ule akabaki Mama Joselyne. Na juu yao alikuwepo Nestor, ndugu wa marehemu mume wa Mama Fabiola, aliyekaa karibu na barabara na ambaye hajawahi kuukubali ule ua. Alikuwa bado anapeleka malalamiko huku na huku ili ukoo urudishiwe shamba lote. Mjane, kwa desturi yetu, anakaa kwenye ardhi ya mumewe kwa sababu ukoo unamwacha akae. Siku ukoo ukikasirika, anafunga mizigo.

Sasa, siku ya ziara yangu ya tatu nilikuwa nimekaa kwa Mama Fabiola nikimwona mwanawe mdogo akiingiza mkono kwenye sufuria ya maharage. Mama Joselyne akatokea kwenye pengo la ua, akamlamba kofi, akaendelea na safari yake ya kuchota maji. Hakugeuka. Mama Fabiola naye hakuinua hata uso.

Nikatazama mafiga. Upande wa Mama Joselyne yalikuwa meupe, yameota majani.

“Munapika pamoja,” nikasema.

“Nani amesema?”

“Mafiga yamesema.”

Akacheka kidogo. “Weye unafaa kuwa polisi.”

Akaniambia yote, kwa sababu nilikuwa nimemzoea na kwa sababu nilimwahidi hakuna atakayejua. Upande wake ilikuwa imebaki michikichi saba. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mumewe, lakini michikichi ilipandwa na marehemu mume wa Mama Joselyne. Wajane wakakaa chini, wawili tu. Mvuno mmoja unakuwa wa huyu, mvuno unaofuata unakuwa wa yule. Mkwezi mmoja anapanda kwa wote wawili, mawese yanakamuliwa mahali pamoja, chakula kinapikwa chungu kimoja, watoto wanalala popote usingizi unapowakuta.

“Shemeji anajua?” nikauliza.

“Shemeji akijua, mimi nimeuza ukoo. Atanirudisha Tanzania kwa miguu.”

Nikarudi ofisini mbio mbio. Hamuwezi kujua raha ile kama hamjawahi kukuta kitu ambacho hakuna aliyekutuma kukitafuta. Kulikuwa na mtafiti mmoja kutoka Bujumbura, kijana mpole mwenye miwani, tuliyemwita Profesa ingawa alikuwa bado hajawa. Alitaka kujua familia zilizogawiwa shamba moja zinaishije. Dodoso lake liliuliza: uhusiano wako na jirani ukoje? Wote walijibu “mzuri”, kwa sababu ndivyo mgeni anavyojibiwa. Alikuwa amekata tamaa. Fishi zetu ndizo zilizomwokoa. Sisi tulikuwa tumerudi nyumba zile zile mara tatu, mara nne. Tulikuwa tumeandika mtoto aliyepelekwa zahanati na mama asiye wake, mlango unaotazama kwa jirani badala ya njia, mafiga yaliyoota majani. Ukiziweka fishi hizo pamoja juu ya meza, ulikuwa unaona wazi kwamba amani, pale ilipokuwepo, ilikuwa imetengenezwa jikoni, na wanawake, nje ya kila karatasi ya serikali. Hakuna dodoso lingeipata. Hilo bado naliamini, na ndiyo maana siwaambii mwache kazi.

Kabla ya kumpa, tulifuta majina. Madamu Concessa alisoma ya kwangu na kuigonga kwa kidole chenye chumvi.

“Hii michikichi uitoe.”

“Kwa nini?”

“Huyo mama utamuficha jina, utamuficha kilima. Michikichi yake utaificha wapi?”

Nikabishana. Nikasema bila michikichi hakuna makubaliano, bila makubaliano hakuna utafiti. Nikasema sayansi haiwezi kuandikwa kwa kuogopa wasengenyaji wa Kigwena. Nilikuwa msomi sana siku hiyo. Mwishoni akachoka, akasema mimi ndiye niliyeahidi, kwa hiyo mimi ndiye nitakayejibu. Nikabadili jina, nikabadili umri wa watoto, nikaandika “kilima kimoja kando ya ziwa”. Na nikaacha hivi: michikichi saba, mmoja umepigwa na radi lakini bado unazaa, inavunwa kwa zamu na familia mbili.

Mtu wa mjini anaweza kuona hapo hakuna neno. Lakini pwani hii watu wanajua michikichi ya wenzao kama wanavyojua watoto wao. Wanajua upi umeinama, upi ulizaa mapema, upi ulimwangusha mkwezi. Mchikichi uliopigwa na radi ukazaa tena ulikuwa mmoja tu. Ningeandika jina la Mama Fabiola kwa herufi kubwa, ingekuwa sawa.

Mwaka uliofuata Profesa akarudi na kitabu chembamba, kwa Kifaransa, na akaandaa mkutano kwenye ukumbi mmoja karibu na soko ili awarudishie watu matokeo. Jambo la heshima, wengi hawarudi. Wawakilishi wa vilima, ndivyo tunavyoita vijiji, walialikwa, kila mmoja akapewa nakala. Nikafungua ya kwangu kutafuta jina langu kwenye shukrani, nikaangukia ukurasa wa kumi na nne, namba ile ile ya fishi. Fishi yangu ilikuwa pale nzima, imetafsiriwa vizuri, pamoja na radi.

Nikainua macho. Viti viwili mbele yangu alikaa Nestor, mwakilishi wa kilima chao, na kitabu kile kile mapajani.

Profesa alikuwa anaeleza kwa Kiswahili chake cha chuo. “Tumekuta hata wajane wanaogawana mali kwa makubaliano yao wenyewe, ukoo haujui.”

Nestor akanyosha mkono. “Iko wajane gani hao, Profeseri?”

Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akasema, “Anaogopa wa kwake!”

“Majina hatuwezi kutaja,” Profesa akasema kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali zuri. “Lakini mfano upo. Ukurasa wa kumi na nne.”

Nestor alifungua ukurasa. Alikulia Tanzania, shule aliisomea kambini, Kiswahili anakisoma haraka kuliko mimi, lakini Kifaransa hakijui. Nilimwona akipitisha kidole kwenye mistari. Kidole kikasimama. Tarakimu haina lugha: ilikuwa pale, saba.

Akakunja kona ya ukurasa. Tulipotoka nje alinipita, akaniambia, “Amahoro, Madamu Kwa-nini. Nitapata mutu wa kunisomea.”

Sikusubiri soda. Nilichukua pikipiki mpaka Kigwena, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliwakuta wote wawili wakichambua ngazi, matunda ya mchikichi, kwenye mkeka mmoja. Nikawaambia. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

Mama Joselyne ndiye aliyesema kwanza. “Uliandika na ile ya radi?”

“Ndiyo.”

“Hata mutoto mudogo atajua iko wapi.”

Mama Fabiola hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikusanya ngazi zake upande mmoja wa mkeka, zingine akazisukuma upande wa pili, taratibu, kwa kiganja. Kisha akaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, akawaambia waingie ndani.

Kwa siku tatu kila pikipiki iliyosimama nje ya ofisi ilikuwa habari mbaya. Gari dogo la Nyanza-Lac likipita na kondakta akitaja Kigwena, nilitoka kuangalia nani anashuka na mizigo. Siku ya nne nikaenda mwenyewe nyumbani kwa Nestor, nikijidanganya kwamba nitamwomba kitabu kwa kisingizio cha makosa ya uchapaji.

Alinipokea vizuri, na hilo likaniogopesha zaidi. Mkewe, Odette, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Aliniletea maji, akasema “Karibu, Madamu,” akarudi kwenye madaftari yake.

“Kitabu?” Nestor akasema. “Nimeshasomewa. Mwalimu wangu huyu hapa alinisomea chote, mpaka usingizi ukanishika. Nyinyi wasomi munahesabu hata mafiga!”

Nikajilazimisha kucheka.

“Na yule mujane wa kumi na nne,” akaendelea, akitikisa kichwa. “Kumbe ni tajiri kuliko mimi.”

Nilimwangalia usoni. Hakukuwa na hasira. Nikajiambia huyu ni mtu anayejua kungoja. Atasubiri kesi yake ipate tarehe, halafu atautoa ukurasa ule mbele ya watu. Odette aliendelea kuandika alama, hakuinua kichwa. Nikaaga. Njiani nikakaa kwenye ukingo wa barabara.

Nikawapelekea wajane habari hiyo kama nilivyoielewa: amesomewa, anajua, anangoja. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nataka mliweke akilini.

Pengo la ua wakaliziba kwa miiba. Mafiga ya Mama Joselyne yakawaka tena, peke yake, na mawese hakuwa nayo, kwa sababu zamu zilikufa. Mama Fabiola alivuna mivuno miwili peke yake ili aonekane mlinzi wa mali ya ukoo. Walioshuhudia waliniambia alikuwa analia chini ya mchikichi huku mkwezi akiwa juu. Watoto walikatazwa kuvuka. Yule mdogo wa kofi alipigwa na mama yake mwenyewe kwa kuvuka. Ilipofika mvua, Mama Joselyne akafunga vitu vyake, akaenda na watoto wake wote wanne kwa kaka yake, kule Kabonga, kuanika dagaa wa watu. Upande wake wa ua ukaota majani.

Na Nestor? Hakufanya kitu. Mwezi, miezi sita, mwaka. Kila mwezi uliopita niliuhesabu kama uvumilivu wake. Fishi zangu zikawa fupi, kisha zikawa tupu: vitanda viwili, choo kipo, uhusiano na jirani mzuri. Madamu Concessa alizisoma bila karanga mdomoni. “Hizi hazimusaidii mutu,” akasema. Alisema kweli. Nikarudisha kofia.

Nyinyi mna simu badala ya daftari, na simu inaandika mahali ulipo bila kukuuliza. Mnaniambia data imefungwa kwa nywila. Mimi nawauliza tu: radi mmeiweka wapi? Kila nyumba ina kitu chake ambacho jirani anakijua kuliko jina. Kitafuteni kabla hamjakabidhi, na mkirudishe kwa mwenyewe mkamsomee, kwa lugha anayoisikia, neno kwa neno, naye aseme hili libaki, hili litoke. Utafiti utapungua kidogo. Utakuwa bado utafiti. Na mkiona hatari, msikimbie kuipeleka kwa watu kabla hamjaijua sura yake. Hapo nilikosea mara mbili zaidi ya pale kwenye michikichi.

Mwaka jana, wakati wa mitihani, Odette aliingia dukani kwangu na maswali ya darasa la sita, nakala themanini. Mashine yangu ni ya zamani, inataka kupumzika kila baada ya kurasa ishirini. Tukakaa. Tukaongea habari za ualimu, chaki, na jua. Akauliza kama nina habari za Mama Joselyne. Nikamwambia yuko Kabonga bado, mgongo unamsumbua.

“Mimi sijaelewa mpaka leo kwa nini alihama,” akasema.

Nikadhani ananitania. Nikamwambia kwa ukali kwamba anajua vizuri, yeye ndiye aliyemsomea mumewe kile kitabu.

“Nilimusomea, ndiyo.” Akalaza kurasa zake zilizotoka, akazigonga kwenye meza zipate kulingana. “Ile radi niliijua pale pale, Madamu. Na mimi nimeolewa katika ukoo ule ule.”

Mashine ikaanza tena kuvuma. Alingoja mpaka ikamaliza, ndipo akaniambia. Alipofika ukurasa wa kumi na nne, palipoandikwa michikichi saba, alimsomea mumewe mbuzi saba.